Barua ya wazi kwa wanaobuni, wanaoingiza na wanaoidhinisha taa za dagaa

Kirumba, Mwanza

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya viwanda na biashara, uvuvi na mazingira. Kwa wakurugenzi na wakaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kwa waagizaji wa taa na betri. Na kwa mhandisi yeyote, awe Mwanza, Dar es Salaam au nje ya nchi, ambaye hivi sasa anachora taa itakayokuja kuelea Ziwa Victoria.

YAH: TAA IFIKIRIWE MPAKA MWISHO WAKE KABLA HAIJAFIKA SOKONI

Habari za kazi, na shikamooni mlio wakubwa kwangu.

Mimi ni fundi wa taa za dagaa. Wateja wangu ni matajiri wa mitumbwi na vijana wanaowavulia, wa Kirumba, Igombe, Kayenze na visiwa vya Ukerewe. Kazi yangu ni kufungua kilichofungwa. Mnunuzi anaona ganda la taa, mkaguzi wakati mwingine anaishia kuona boksi lake. Mimi naona kilichomo. Nawaandikia kwa sababu kasoro nyingi ninazoletewa hazikutokea ziwani. Zilichorwa mezani, zikalipiwa, zikapita bandarini, ndipo zikamfikia mvuvi.

Kwa asiyejua uvuvi wetu: dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hukaa nchi kavu, maana taa haishindani na mbalamwezi. Giza likirudi, taa hufungwa juu ya viboya vya mbao na kuachwa majini saa kadhaa, wadudu na dagaa wakusanyike kwenye mwanga, kisha wavu unashushwa. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai, taa ya mafuta. Karabai ilikula mafuta na fedha, iliunguza mikono, kioo chake kilipasuka kikirukiwa na tone la maji baridi, na mafuta yaliyomwagika yaliishia ziwani. Taa za LED zenye betri zilipokuja tulizipokea kwa mikono miwili, na mimi ni mmoja wa wanaokula kwa ajili yake. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nataka turudi kwenye mafuta ya taa.

Ninachotaka ni kwamba yule anayebuni, anayeingiza na anayeidhinisha taa hizi awajibike kwa uhai wake wote, tangu mchoro hadi siku betri yake inapokufa, na awajibike kabla haijauzwa.

Nianze na betri kubwa za asidi, kwa sababu humo ndimo ilimo sumu.

Mitumbwi mingi inatumia betri ya gari. Ipo kila duka la vipuri, bei yake inajulikana, na muuzaji anasema betri ni betri. Sivyo. Betri ya gari ina sahani nyembamba za madini ya risasi, nyingi, zilizopangwa ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe tena na gari lenyewe. Taa ya dagaa inafanya kinyume chake: inanyonya kidogo kidogo usiku kucha mpaka betri iwe tupu. Betri ya volti 12 ikishushwa chini ya volti 10.5 mara kwa mara, sahani zake zinaota ukoko mgumu na haziamki tena. Zipo betri zilizotengenezwa kwa kazi hiyo ya kutoa polepole, zenye sahani nene, ambazo huku tunaziita betri za sola. Na ipo njia rahisi zaidi: sakiti ndogo ndani ya taa inayokata umeme kabla betri haijafika chini. Mwanafunzi wa umeme pale chuo cha ufundi cha VETA anaweza kuiunda. Taa nyingi ninazozifungua hazina. Aliyeichora alihesabu mwanga tu, kwa sababu betri si yake; ni ya mvuvi, na ikifa mvuvi atanunua nyingine.

Basi sakiti iliyorukwa kiwandani inageuka kuwa rundo la betri mfu mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya namna hiyo ni madini ya risasi. Mnunuzi wa skrepa anakuja na mizani yake, anapima kilo, na asidi hana kazi nayo. Akiibeba itamwagikia yeye na guta lake, kwa hiyo inamwagwa pale pale, na vumbi la risasi linatoka nayo. Wengine wanavunja betri wenyewe, wanayeyusha risasi kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa na kutengeneza chubwi za kuzamishia nyavu. Moshi wake unavutwa na aliyeinama juu ya sufuria na mtoto aliyesimama pembeni akitazama.

Shirika la Afya Duniani limeshasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akimeza kiasi kile kile alichomeza mtu mzima, mwili wake unaweza kunyonya mara nne hadi tano zaidi. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na kilichoharibika hakirudi.

Mchanga huo huo ndio tunaoanikia dagaa. Vichanja vimeanza kwenye baadhi ya mialo na ni jambo jema sana, lakini dagaa wengi bado wanaanikwa chini. Dagaa hatolewi kichwa wala utumbo. Analiwa mzima, anasagwa kuwa unga wa uji wa mtoto, anachanganywa kwenye chakula cha kuku. Mama anayenunua dagaa soko la Mwaloni na kumpikia mwanawe anastahili kujua mchanga alikokauka una nini. Wenye dhamana ya mazingira, pimeni mchanga wa mialo, na majibu yabandikwe kwenye ofisi za BMU, vikundi vya kusimamia uvuvi mialoni, ambako kila mtu anapita.

Yaliyowapata wenzetu yanatosha kutuamsha. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, watu walikuwa wakichekecha mchanga wenye mabaki ya betri ili wapate risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wakafa. Karibu zaidi na sisi, Owino Uhuru kule Mombasa, familia ziliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mwanawe akaugua, naye akapambana mpaka kikafungwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Naiheshimu sana kazi ya mama yule. Lakini fidia ni hesabu ya baada ya madhara, na mimi nawaomba ninyi mfanye hesabu ya kabla.

Sasa taa ndogo zenye betri ya lithiamu ndani, ambazo ndizo zinazoongezeka. Hizi hazina risasi. Hatari yake ni moto.

Seli ya kawaida ya lithiamu ikijaa inasoma volti 4.2. Ikiendelea kusukumiwa umeme inapata joto, inavimba, inatoa gesi inayowaka, na ikishashika moto inajichochea kwa joto lake yenyewe. Kuifunika na blanketi hakusaidii. Ndiyo maana seli hizi huwekewa bodi ya ulinzi inayokata chaji ikitosha na kukata matumizi zikiisha. Mimi nafungua taa na kukuta seli zimeungwa moja kwa moja na waya wa chaji, bila bodi, bila fyuzi. Nakuta seli kuukuu zilizovishwa nailoni mpya. Nakuta boksi limeandikwa IP67, maana yake taa izamishwe hadi mita moja kwa nusu saa isiingie maji, na kifuniko chake hakina hata mpira wa kuzuia tone. Zipo seli za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma, zinazovumilia joto zaidi na kudumu kwa chaji nyingi zaidi. Anayebuni taa kwa ajili ya watu wanaolala karibu nayo angeanza na hizo.

Na wanalala karibu nayo kweli. Kambi ya dagaa kisiwani ni vibanda vya mbao, mabati na maturubai vilivyobanana. Mchana taa zote zinachomekwa pamoja, waya mmoja ukiwa umebeba wenzake kumi, ndani ya chumba ambacho vijana wamelala fofofo kwa sababu walikesha majini. Madumu ya petroli ya injini yako humo humo au mlango wa pili. Mhandisi ambaye hajakiona chumba hicho amechora taa ya sebuleni. Karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi, kama ipo, imeandikwa kwa lugha ambayo kijana wa kisiwa cha Ukara hakuisoma shuleni, nayo inamwambia asichaji taa bila kuiangalia. Nani ataiangalia?

Kisha kuna gundi. Zamani ganda la taa lilifungwa kwa skrubu. Siku hizi mengi yamegandishwa. Betri ya ndani ikichoka, balbu zikiwa bado nzima kabisa, siwezi kuifikia bila kupasua ganda, na ganda likipasuka taa hairudi majini. Kwa hiyo kifaa chote kinatupwa kwa sababu ya kitu kimoja kinachobadilishika. Mvuvi ananunua tena, plastiki inabaki mchangani, na seli ambayo haijaisha umeme inatupwa kwenye jalala linalochomwa moto. Kati ya mambo yote niliyoyataja hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu skrubu nne na mpira wa duara ni vitu vya bei ndogo mno.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mpya ya betri. Kuanzia Februari 2027, vifaa vinavyouzwa kule vyenye betri ndogo vitapaswa, kwa sehemu kubwa, kujengwa ili mtumiaji mwenyewe aweze kuitoa betri na kuweka nyingine. Viwanda vinavyotuuzia taa vinauza Ulaya pia. Vitajifunza kutengeneza ganda linalofunguka. Swali langu kwenu ni moja: tutauziwa hilo, au mashine za kugandisha zitaendelea kufanya kazi kwa ajili ya soko letu?

Jambo hili tumeshaliona kwa upande wa samaki. Mwaka 1999 soko la Ulaya lilifungwa kwa samaki wa ziwa hili baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Wenye umri wangu wanakumbuka viwanda vya minofu vilivyokuwa kimya na bei ya sangara ilivyoanguka. Serikali na wenye viwanda hawakukaa. Ukaguzi ulipangwa upya na viwanda vikabadilisha taratibu, na leo Nyegezi kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Mlaji wa mbali aliogopa sahani yake, nasi tukapata vipimo. Uwezo basi tunao. Naomba uwezo huo utumike kwa kijana anayelala na taa Ukara na kwa mtoto anayecheza juu ya mchanga wa Kayenze, hata kama hakuna mnunuzi wa nje anayetishia kufunga soko.

Najua mtakachoniuliza: bei. Mtasema mvuvi ni maskini, taa nzuri hataiweza, mkikaza kanuni atarudi kwenye karabai au atanunua za magendo. Hoja hiyo naiheshimu, maana naishi na wavuvi. Lakini kaeni na tajiri yeyote wa mtumbwi mfanye naye hesabu kwa usiku, msiifanye kwa boksi. Taa ya bei chee inayokufa baada ya giza chache, yaani vipindi vichache vya usiku usio na mwezi, ni ghali kuliko ile ya bei ya juu inayovuka mwaka. Na anayelipa tofauti hiyo si tajiri peke yake. Gharama hukatwa kabla ya mgao, kwa hiyo kila taa inayokufa mapema inakula jasho la kijana aliyevuta wavu. Mvuvi hakuchagua taa mbovu. Alichagua maandishi ya boksi, na maandishi yalikuwa ya uongo. Hapo ndipo nchi inapotakiwa kusimama katikati yake na muuzaji, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuona ndani.

TBS mnao utaratibu, tangu mwaka 2012, wa kukagua shehena kabla haijapakiwa nje ya nchi. Wekeni ndani yake taa ya uvuvi kama bidhaa yenye kiwango chake, isichanganywe na taa ya nyumbani. Taa ya nyumbani inakaa mezani. Hii inapigwa na mawimbi, inachomwa na jua mchana kutwa, inaangushwa kwenye mtumbwi na kuzama kamba ikikatika. Kiwango hicho kidai bodi ya ulinzi, kidai kukata umeme betri ikishuka, kidai ganda la skrubu, na maelekezo ya Kiswahili yaliyobandikwa kwenye taa yenyewe. Sampuli zipimwe ziwani. Chuo cha uvuvi cha FETA kiko Nyegezi na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo chao Mwanza. Maji yako mlangoni pao. Na katika meza itakayoandika kiwango hicho awepo mvuvi, awepo mwanamke anayeanika dagaa, awepo fundi. Wahandisi, hili ni lenu pia: kabla hamjafunga mchoro, njooni mlale kambini giza moja. Mtabadilisha mambo ambayo hakuna mtu angewaandikia kwenye ripoti.

Kuhusu betri mfu, hatuhitaji kubuni kitu kigeni. Kila mtoto wa Tanzania anajua ukienda dukani kununua soda ya chupa unabeba chupa tupu, au unaacha fedha ya chupa. Chupa hazizagai mitaani kwa sababu zina thamani kwenye kaunta ile ile zilikotoka. Betri ya asidi na taa ya lithiamu ziuzwe hivyo: sehemu ya bei iwe dhamana, irudishwe mvuvi akirudisha betri mfu ikiwa nzima, na asidi yake ndani. Duka liirudishe kwa mwagizaji, mwagizaji aipeleke kwenye kiwanda chenye kibali cha kuirejeleza. Mnunuzi wa skrepa asinyang'anywe kazi. Asajiliwe, apewe vyombo vya kubebea na glavu, alipwe kwa betri nzima zaidi kuliko iliyovunjwa. Hesabu ikikaa hivyo hakuna atakayekuwa na sababu ya kumwaga asidi.

Sheria ya kuanzia ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inasema mchafuzi ndiye alipe. Kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki zilitungwa mwaka 2021. Kinachokosekana mwaloni kwetu ni jina. Nikiokota betri mchangani nataka nisome juu yake ni nani aliyeiingiza nchini na inarudishwa wapi. Na msiseme haiwezekani. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku Machi 2017, vikaondoka. Mifuko ya plastiki ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na soko zima la Kirumba lilibadilika. Hapa siombi hata marufuku. Naomba taa ije ikiwa nzima na yenye mwenyewe.

Mkishaanza, macho hayo hayo yageukie nyavu za plastiki za uzi mmoja, ambazo zikipotea majini zinaendelea kuua samaki bila mvuvi, na maboya ya kuvaa yanayouzwa kwa wavuvi bila mtu kuyajaribu na mwili wa mtu mzima ndani ya maji. Hayo yana wajuzi wake. Mimi nabaki kwenye taa.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na wengi wa tuliowapoteza wamelala makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Mara zote mbili maswali yaliulizwa baada ya mazishi: chombo kiliruhusiwaje, nani alikagua, nani alijua. Kuhusu taa na betri hizi maswali yote yako wazi leo, na majibu yake mengi yanaonekana kwa bisibisi.

Katika karakana yangu nimetunza taa na betri ambazo zingetupwa, kila moja imebandikwa karatasi: aina yake, ilifanya kazi giza ngapi, ilikufa kwa sababu gani, ndani palikuwa na nini na palikosekana nini. Kamati ya viwango ikiwa tayari kuzipima, ilete gari Kirumba izichukue zote bila malipo. Mafundi wenzangu wa Igombe na Kayenze wamekubali kuongeza za kwao.

Wenu katika kazi,

Fundi wa taa za dagaa
Kirumba, Mwanza